Kizuri Kisichojiuza: Habari ya Sahani ya Pili ya Big Star

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, husema wahenga, na kila mwenye bidhaa njema hufarijika kwa maneno hayo. Methali hii ina kweli yake sokoni, mahali ambapo mnunuzi hufika kwa miguu yake, akakiona kitu kwa macho na kukishika kwa mikono kabla ya kutoa fedha. Lakini kuna jambo moja ambalo methali imelinyamazia, nalo ni njia. Haisemi neno juu ya kizuri kilichofungiwa ghalani, wala juu ya kizuri ambacho mchukuzi wake alikataa kukichukua. Historia ya muziki wa karne ya 20 ina mifano mingi ya vizuri vya namna hiyo, na mmojawapo ulio wazi kabisa ni sahani ya santuri iitwayo Radio City, iliyotolewa na bendi ya Big Star ya mji wa Memphis, katika jimbo la Tennessee, nchi ya Marekani, mwezi wa Februari 1974.

Sahani hiyo ilisifiwa na wahakiki tangu ilipotoka. Hata hivyo yakadiriwa kuwa katika siku zake ziliuzwa nakala 20,000 tu, katika nchi ambayo sahani iliyopendwa iliweza kuuza nakala milioni na zaidi. Mwaka wa 2003 gazeti la Rolling Stone lilipotunga orodha ya sahani 500 zilizo bora kuliko zote, Radio City ilipewa nafasi ya 403. Kati ya hesabu hizi mbili pana umbali mkubwa, na umbali huo wataka maelezo. Yafaa kuuliza ni nani hasa aliyeshindwa mwaka wa 1974: waliotengeneza, waliokuwa wanunue, au waliopewa kazi ya kuchukua mzigo kutoka kwa hao na kuwafikishia hawa.

Memphis ni mji uliojengwa kando ya mto Mississippi, nao ulikuwa na sifa ya muziki muda mrefu kabla ya vijana wa Big Star kushika magitaa. Hapo ndipo Elvis Presley alipoanza kurekodi nyimbo za biashara mwaka wa 1954. Hapo pia ndipo ilipokua kampuni ya Stax, iliyoanzishwa na Jim Stewart mwaka wa 1957 kwa jina jingine, akiwa pamoja na dada yake, Estelle Axton. Kampuni hiyo ilikuwa nyumba ya muziki wa watu weusi wa Marekani uitwao soul, na waimbaji wake, kama vile Otis Redding na Isaac Hayes, walijulikana ulimwenguni kote.

Karibu na mti huo mkubwa ukaota mche mdogo uitwao Ardent. Mwenyewe alikuwa John Fry, aliyeanza kunasa sauti nyumbani kwa wazazi wake angali kijana mwanafunzi, akipenda mitambo kama vile wengine wapendavyo mpira. Mwaka wa 1966 alifungua studio ya kazi, na miaka michache baadaye akahamia katika jengo lililo bora zaidi kwenye barabara ya Madison. Stax walipozidiwa na kazi walimpelekea sehemu yake. Hata sahani ya Isaac Hayes iliyovuma sana mwaka wa 1969, Hot Buttered Soul, ilirekodiwa kwa sehemu katika studio hiyo. Hivyo mchana Ardent ilichuma fedha kwa kazi za watu. Usiku mitambo ilipolala, Fry aliwaruhusu vijana aliowaamini kuingia, akawafundisha namna ya kuitumia, na kuwaachia wajaribu watakavyo. Mazoea hayo yana maana kubwa katika habari hii. Kwa kawaida saa za studio zilikuwa ghali, na bendi changa haikuweza kufanya jambo mara kumi ili ipate mara moja iliyo sawa. Vijana wa Ardent waliweza.

Miongoni mwa vijana hao walikuwa Chris Bell, mpiga gitaa na mwimbaji. Andy Hummel, mpiga gitaa la besi. Na Jody Stephens, mpiga ngoma. Mwaka wa 1971 alijiunga nao Alex Chilton, aliyezaliwa mwaka wa 1950, mtoto wa nyumba ya sanaa, kwa maana baba yake alikuwa mpiga muziki wa jazi na mama yake alikuwa na ukumbi wa kuonyeshea picha. Chilton hakuwa mgeni wa umaarufu. Mwaka wa 1967, akiwa na umri wa miaka 16, aliimba wimbo wa The Letter pamoja na bendi ya The Box Tops, na wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza Marekani kwa majuma manne. Lakini katika bendi ile nyimbo zilichaguliwa na watu wengine, na mara nyingi vyombo katika sahani vilipigwa na watu wengine pia. Mwaka wa 1970 aliiacha. Kwa hiyo alipofika Ardent alikuwa amekwisha kuonja mauzo yasiyo na uhuru. Alichokitafuta sasa ni uhuru, wala hakujua bado bei yake.

Bendi ilichukua jina lake kutoka kwa ubao wa duka la vyakula lililokuwa karibu na studio: Big Star, yaani Nyota Kubwa. Sahani yao ya kwanza, iliyotolewa mwaka wa 1972, iliitwa #1 Record, yaani sahani iliyo ya kwanza kwa mauzo. Majina haya mawili yalikuwa mzaha wa vijana wenye matumaini, na baadaye yakageuka kuwa kejeli ambayo hawakuikusudia. Wahakiki waliisifu sahani, na baadhi ya vituo vya redio vilipiga nyimbo zake, lakini wasikilizaji walipokwenda madukani kuinunua hawakuiona. Kosa halikuwa la mwimbaji wala la fundi. Ardent ilikuwa kampuni iliyojitegemea katika kutengeneza, bali katika kusambaza ilitegemea Stax. Stax nayo ilikuwa stadi wa kuuza muziki wa soul kwa wanunuzi weusi, wala haikuwa na uzoefu mwingi wa kuuza muziki wa roki wa vijana weupe.

Mwezi wa Oktoba 1972 yalitokea mabadiliko ambayo kwa sura yalikuwa neema. Stax ilifanya mkataba na kampuni kubwa ya CBS, wenye jina la sahani za Columbia, ili Columbia isambaze bidhaa zake zote nchini. Mkataba huo uliletwa hasa na hima ya Clive Davis, mkuu wa Columbia, naye Al Bell wa Stax aliupata pamoja na mkopo wa mamilioni ya dola uliomwezesha kununua sehemu ya Jim Stewart na kuifanya Stax kuwa mali ya mtu mweusi. Kwa mkataba huo wasambazaji wadogo wa majimboni, waliokuwa wakichukua sahani za Stax zamani, wakaachwa. Mlango mmoja mkubwa ukafunguliwa, na milango mingi midogo ikafungwa. Sahani ya kwanza ya Big Star ilikutwa katikati ya mageuzi hayo, na ikapotea.

Aliyeumia zaidi kwa hasara hiyo alikuwa Chris Bell. Sahani ya kwanza ilikuwa kwa sehemu kubwa matunda ya mikono yake. Ndiye aliyeisimamia na kuitengeneza kwa uangalifu wa sonara. Alipoona kazi yake imekufa bila ya kusikiwa, na sifa za magazetini zinamwendea zaidi Chilton aliyekwisha kuwa na jina, huzuni ilimlemea, ugomvi ukaingia bendini, na mwisho wa mwaka wa 1972 akajitoa. Waliobaki nao wakatawanyika, na Big Star ikawa kana kwamba haipo tena.

Iliyowafufua ilikuwa hadhira ya namna ya pekee. Mwezi wa Mei 1973 Ardent iliwaalika Memphis waandishi wa habari za muziki wa roki kutoka sehemu mbalimbali wafanye mkutano wao, na Chilton, Hummel na Stephens walishawishika kupiga mbele yao katika ukumbi uitwao Lafayette's Music Room. Waandishi ni watu wagumu kusimama vitini, kwa sababu kazi yao ni kupima, si kucheza. Usiku ule walisimama na kushangilia. Hao watatu wakaona kwamba muziki wao haukuwa umekufa, wakaazimu kutengeneza sahani ya pili.

Radio City ilirekodiwa Ardent mwaka wa 1973, John Fry akiwa kwenye mitambo. Ina nyimbo 12, na muda wake wote haufiki dakika 40. Mtu akiisikiliza baada ya ile ya kwanza ataona mara moja kwamba aliyekuwa akipiga randa ameondoka. Sahani ya kwanza ni laini, sauti zake zimepangwa tabaka juu ya tabaka. Hii ya pili ina makali. Gitaa la Chilton ni angavu na kali kama kioo kilichovunjika. Ngoma za Stephens haziridhiki kushika mwendo tu, bali hujibizana na gitaa, zikiingia mahali pasipotazamiwa. Na kati ya chombo na chombo mmeachwa nafasi ambayo watengenezaji wengine wa wakati ule wangaliijaza. Wimbo wa kwanza, O My Soul, unapita dakika 5 na unaendelea kama gari lenye dereva mwenye furaha asiyejali breki. Katika Daisy Glaze muziki huanza polepole kama wa mtu aliyechoka, kisha husimama, ngoma ikapigwa mara chache, na kila kitu kikaanza tena kwa mwendo mwingine kabisa. Wimbo wa Way Out West ulitungwa na Hummel na kuimbwa na Stephens, jambo linaloonyesha kwamba bendi haikuwa ya mtu mmoja, ijapokuwa jina la Chilton ndilo linalotajwa zaidi.

Nyimbo nyingine zilipatikana kwa njia isiyo rasmi. Mod Lang na She's a Mover zilinaswa wakati bendi ilipokuwa imesimama, Chilton akiwa na wapigaji wengine waliokuwa wakizunguka studio, na zikaingizwa katika sahani bila ya kupakwa rangi mpya. Sahani inamalizika kwa nyimbo mbili fupi ambazo Chilton aliziimba peke yake kwa kinanda na kwa gitaa, kana kwamba wenzake wamekwenda zao na yeye amesahau kuzima taa. Katika studio iliyolipiwa kwa saa, mkubwa wa kampuni angaliagiza zirudiwe. Ardent ilikuwa huru, na kwa uhuru huo zikabaki.

Wimbo unaotajwa kuliko yote ni September Gurls. Ni wimbo wa muda usiotimia dakika 3, wenye uzuri wa nyimbo za The Beatles na The Byrds za miaka ya 1960, lakini una huzuni isiyokuwa katika nyimbo zile. Furaha imo katika magitaa, na majuto yamo katika sauti ya mwimbaji. Mambo hayo mawili hayapatanishwi. Yanakwenda pamoja mpaka mwisho. Watu wengi waliotunga nyimbo baadaye walijifunza hapo kwamba wimbo mtamu si lazima useme uongo juu ya maisha.

Hata jalada la sahani lilikuwa na bahati ya namna moja na yaliyomo. Ni picha ya William Eggleston, mpiga picha wa Memphis na rafiki wa jamaa ya Chilton, aliyoipiga Greenwood, Mississippi: dari nyekundu, glopu tupu katikati, na nyaya nyeupe zikitambaa kuielekea. Mwaka wa 1976 Eggleston alipoonyesha picha zake za rangi katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York, baadhi ya wahakiki walimdhihaki. Leo maonyesho hayo huhesabiwa kuwa mwanzo wa kukubaliwa kwa picha za rangi kama sanaa. Hivyo mnunuzi wa mwaka wa 1974 aliyeipata Radio City alishika mikononi kazi mbili zilizokuwa zikingoja wakati wao.

Lakini wanunuzi walioipata walikuwa wachache. Clive Davis alikuwa ameondolewa Columbia mwezi wa Mei 1973, na warithi wake hawakuwa na hamu ya mkataba aliouacha. Columbia na Stax wakaanza kuvutana. Sahani ziliagizwa lakini hazikufikishwa madukani kama ilivyopasa, na sehemu ya malipo ya Stax ikazuiwa. Radio City ilitoka katikati ya mvutano huo. Wahakiki wakaiandikia sifa kwa mara ya pili, na kwa mara ya pili msomaji aliyeamini sifa hizo akarudi kutoka dukani mikono mitupu. Mafahali wawili wakipiganapo ziumiazo ni nyasi.

Hapo pana jambo ambalo wapenzi wa Big Star hulisahau mara kwa mara. Wao husimulia habari hii kana kwamba vijana watatu wa Ardent ndio waliodhulumiwa peke yao. Kweli ni kwamba wimbi lililoizamisha Radio City liliizamisha Stax yenyewe. Mwezi wa Desemba 1975 kampuni hiyo ililazimishwa kufilisika na milango yake ikafungwa. Waimbaji wakapoteza kampuni iliyowalea, wafanyakazi wakapoteza riziki, na watu weusi wa Memphis wakapoteza mojawapo ya biashara zao kubwa, miaka 7 tu baada ya Martin Luther King kuuawa katika mji huo huo. Mwanahistoria anayeipenda sahani ya Big Star hana budi kuiweka hasara yake ndani ya hasara hiyo iliyo kubwa zaidi, la sivyo atakuwa amehesabu nyasi moja na kuliacha shamba.

Wenyewe waliotengeneza sahani walikwenda kila mtu na njia yake. Hummel aliiacha bendi na kurudi kumaliza masomo ya chuo, na baadaye akafanya kazi ya uhandisi katika kampuni ya ndege huko Texas. Chilton na Stephens walirekodi sahani ya tatu mwaka wa 1974, lakini haikutolewa mpaka mwaka wa 1978. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo Chris Bell alikufa katika ajali ya gari, naye ana miaka 27. Chilton aliendelea kupiga muziki kwa namna alizozichagua mwenyewe, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliwahi kuosha vyombo katika mkahawa wa New Orleans ili apate chakula.

Wakati huo sahani yenyewe ilikuwa inasafiri polepole. Nakala chache zilizouzwa ziliangukia katika mikono ya watu wenye masikio. Mwaka wa 1978 sahani mbili za kwanza zilitolewa tena pamoja Uingereza, na wapigaji vijana wakaanza kuzitafuta. Bendi ya R.E.M. ya Georgia ilitaja deni lake kwa Big Star. The Bangles waliimba September Gurls katika sahani yao ya mwaka wa 1986 iliyouzwa kwa mamilioni, hata wimbo ulioshindwa kufika madukani Memphis ukafika katika nyumba za watu wasiojua asili yake. Mwaka wa 1987 The Replacements walitoa wimbo wenye jina la Alex Chilton. Huko Scotland, Teenage Fanclub walijenga muziki wao juu ya msingi ule ule. Mwaka wa 1993 Chilton na Stephens walisimama tena kwa jina la Big Star katika chuo kikuu cha Missouri, wakisaidiwa na vijana wawili wa bendi ya The Posies waliojifunza nyimbo hizo kwa kuzipenda. Chilton alikufa mwezi wa Machi 2010, Hummel akamfuata mwezi wa Julai mwaka ule ule, na John Fry akafa mwaka wa 2014. Mwaka wa 2012 ilitolewa filamu ya habari zao, ikaonyeshwa kwa watu ambao wengi wao walizaliwa baada ya duka la Big Star kuacha kutajwa.

Je, Radio City ingaliuza nakala milioni kama ingalifika madukani? Wako wasemao ndiyo bila ya kusita, na upendo wao waeleweka. Lakini hoja ya upande wa pili haikosi nguvu. Mwaka wa 1974 mtindo uliotawala katika roki ulikuwa wa nyimbo ndefu na sauti nzito. Nyimbo fupi za mtindo wa miaka ya 1960 zilionekana kuwa za jana. Tena sahani yenyewe ina ukwaruzo, wala haimbembelezi msikilizaji. Yumkini hata kwa njia iliyonyooka ingalipata wanunuzi wa kadiri tu. Jambo la hakika ni moja: hesabu ya nakala 20,000 si hukumu ya wanunuzi, kwa sababu shauri halikufikishwa mbele yao. Aliyesoma hesabu hiyo na kusema watu waliikataa amekosea sawasawa na yule asemaye watu wangaliipenda. Hesabu ile ni kipimo cha barabara, wala si kipimo cha mzigo.

Jambo la pili la hakika lahusu uhuru. Ardent ilikuwa na uhuru wa kutengeneza, na pasipo uhuru huo Radio City isingalikuwa na makali yake, wala nafasi zake tupu, wala nyimbo zile mbili za mwisho. Haikuwa na uhuru wa kufikisha, na kwa kukosa huo wa pili matunda ya wa kwanza yalikaa ghalani. Mara nyingi watu wa sanaa huupigania uhuru wa kwanza kwa jasho na machozi, na wanapoupata hudhani vita imekwisha. Kumbe mwenye shamba asiye na mashua huvuna kwa ridhaa ya mwenye mashua.

Wala methali ya wahenga haikuvunjwa na habari hii, bali imepata masharti yake. Kizuri hakikujiuza mwaka wa 1974. Kilibebwa baadaye, nakala moja baada ya nyingine, na watu waliokipa rafiki zao, waliokiimba upya, na waliokiandikia. Kazi hiyo ilichukua miaka kama 20, nayo ilifanywa na wanadamu wenye majina, si na uzuri peke yake. Chris Bell hakuishi kuiona. Kila msomi anayekutana na kazi njema iliyosahauliwa, iwe ya muziki au ya maandishi, hana haki ya kuiacha ijiuze yenyewe akitegemea methali, maana kati ya kusahauliwa na kukumbukwa kuna umri wa mtu.